Ngoma ya Bibi, Zeze la Babu

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi moja asubuhi hapa Dodoma mjini, mbele ya mabinti wanaojifunza muziki na walimu wa kwaya. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila nimepunguza salamu.)

Mbukwenyi!

Asanteni. Salamu hiyo ya Kigogo wameiitikia wa nyuma, wa mbele mmenitazama tu, nami nimeelewa: mji wetu siku hizi umejaa watu wa kila mkoa. Basi shikamooni wakubwa zangu, na ninyi mabinti, hamjambo? Walimu wa kwaya nawaona mmekaa pamoja kama kawaida yenu, sauti ya kwanza upande huu, sauti ya pili upande ule. Karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya mwanamke katika muziki wetu, ilivyokuwa na ilivyobadilika. Nitaanzia nyumbani kwa bibi yangu, kwa sababu karibu yote niliyokuja kuyajua baadaye kuhusu jambo hili niliyaona kwanza ndani ya nyumba ile.

Bibi, mzaa mama, alikaa upande wa Mvumi kwenye nyumba ya tembe. Ukiingia, macho yakishazoea giza, unaona vitu viwili. Juu ya kitanda cha babu lilining'inia zeze: kibuyu kilichowambwa ngozi, mti wake umeng'aa kwa kushikwa, upinde umechomekwa pembeni. Chini, karibu na mafiga, ilikaa ngoma ya bibi, ngoma ya muheme. Babu akirudi kutoka kwenye ng'ombe aliliteremsha zeze lake akapiga jioni yoyote aliyotaka. Ngoma ya bibi ilisubiri siku ya watu, hasa wakati wa jando.

Siku hiyo ikifika, kazi yangu ilikuwa kubeba mabua ya mtama. Ngoma inataka moto. Kina mama waliwasha moto wa mabua, ule moto wa haraka unaopanda na kushuka, wakazielekeza ngozi kwenye joto huku wakizigonga kwa ncha za vidole. Bibi alikuwa anaipeleka ngoma motoni, anaiondoa, anaigonga, anatikisa kichwa, anairudisha. Sauti inapanda taratibu, kutoka kwenye bu zito la ngozi iliyolala mpaka kwenye ta kavu unayoisikia mpaka bondeni. Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya sikio. Ikishakaza, anaibana katikati ya mapaja, amesimama, ameinama kidogo, na wenzake wamejipanga pembeni yake na ngoma zao. Mama wa ngoma kubwa ndiye aliyeongoza. Akibadilisha pigo, mstari wote umebadilika, na wachezaji wanamfuata, wanaume kwa wanawake.

Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba wanawake wa Tanzania walianza muziki walipotokea kwenye televisheni, huwa sikubali. Huku Ugogo muheme ni ngoma ya kina mama. Walikuwa wanaiwamba na kuipasha moto na kuipiga, na wakitaka wanasimamisha uwanja mzima kwa pigo moja.

Lakini lile zeze.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nyumba tupu, nikapanda kitandani, nikaliteremsha. Nilivuta upinde mara moja tu, ikatoka sauti mbaya kama ya mlango, nikafurahi kupita kiasi. Mara nikapigwa mkononi. Babu alikuwa malishoni. Aliyenipiga alikuwa bibi yangu, yule yule mama wa ngoma kubwa. Aliliondoa zeze mikononi mwangu kama mtu anayeondoa kisu kwa mtoto, akaniambia kwa Kigogo kwamba hicho si chetu.

Nilimkasirikia miaka mingi kwa lile pigo. Leo naamini alikuwa ananikinga na maneno ya watu, na bado sijamaliza kulifikiria. Wanangu, sauti hatukuwahi kunyimwa. Bibi zetu waliimba shambani, msibani, harusini, kanisani, na waliimba mbele za wanaume wakishangiliwa. Tulichokuwa tunawekewa mpaka ni chombo, tena chombo fulani, pamoja na yale yanayokwenda na chombo: nani anaamua wimbo uende wapi, jina la nani linaandikwa, fedha inapita mkononi mwa nani. Nikitaka kujua muziki wetu umebadilika kiasi gani, hayo ndiyo ninayoyatazama.

Twendeni Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwishoni mwa karne ya 19, mtoto wa mama mfinyanzi. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuwa anabeba vyungu kichwani anakwenda mjini kuviuza, akiimba njiani ili watu wajue anapita. Taarab ya wakati ule ilikuwa ya jumba la Sultani, waimbaji wanaume, lugha Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, watu wa kawaida wa mitaa ya Ng'ambo wakaielewa. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akakiandika.

Ila msidhani alipokewa kwa maua. Walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki, na kwamba bila ile sauti asingekuwa na cha kula. Nimelifikiri sana hilo tusi la mwisho. Fundi seremala humwambii kwamba bila randa angekula nini. Mkulima humwambii hivyo kuhusu jembe. Sauti ya mwanamke peke yake ndiyo ilionekana kama bahati aliyookota barabarani, wakati ilikuwa kazi, na kazi ngumu. Wale wanaotuambia kwamba zamani mwanamuziki mwanamke aliheshimiwa, hawa wa sasa ndio wameharibu, namwomba kila mmoja wao akasome habari za Siti. Matusi ya leo kwenye simu ni yale yale ya kaniki.

Na tazameni alichokifanya na sauti hiyo. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Kijiti, aliua mwanamke kule Unguja akatorokea huku bara. Wanawake waliotokea kwenye kesi kama mashahidi ndio wakaishia kuadhibiwa. Siti akaimba kisa hicho. Jina la mtu, kosa lake, na aibu ya mahakama, vyote vikazunguka kwenye santuri. Kwa watu ambao hawakuwa na gazeti wala wakili, ule ulikuwa ushahidi uliobaki. Alifariki mwaka 1950 na jina la Kijiti mpaka leo linajulikana.

Sasa, nyuma yake walikaa nani? Mpiga udi mwanamume, mpiga fidla mwanamume. Hata baadaye vikundi vya taarab vya kina mama vilipostawi Unguja, kina mama walikuwa wanatunga, wanaimba, wanachanga fedha, wanashona sare, halafu wanaalika wanaume waje wapige vyombo. Ule mpaka wa zeze ulikuwepo pwani kama ulivyokuwepo Mvumi. Siku hizi Unguja kuna Tausi, kundi la taarab lililoanzishwa na Bi Mariam Hamdani, ambalo wanawake wamekaa kwenye viti vya udi, fidla na ganuni. Imechukua muda mrefu kiasi hicho kutoka Siti mpaka hapo.

Kwenye ngoma mambo yalikuwa tofauti, na hapa nataka mkae vizuri. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alikuwa mpigaji wa ngoma za unyago. Mara ya kwanza nilipoona picha zake, ngoma imefungwa kiunoni, imebanwa kwa mapaja, ameinama, nilisema huyu ni bibi yangu! Unguja na Mvumi, bahari na nyika, ni ule ule mwili na ule ule mkao. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, heshima kubwa katika muziki wa dunia, akiwa bibi kizee. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kila ninapomkumbuka najiuliza ni mabibi wangapi wa ngoma kama yeye tuliowazika huku kati bila hata mtu kuwachukua picha.

Muziki wa dansi nitaupitia kwa haraka zaidi, ingawa nimeucheza sana. Zisikilizeni nyimbo za miaka ya 1960 na 1970. Majina ya wanawake yamejaa kila mahali: fulani rudi, fulani umeniumiza, fulani tamaa zitakuponza. Ukiangalia picha za bendi zenyewe, ni wanaume watupu na magitaa yao. Mwanamke alikuwa ndani ya wimbo lakini jukwaani hayupo. Kulikuwa na sababu ya maneno ya watu, ndiyo, aliyepanda jukwaa la baa aliitwa mhuni na aliolewa kwa shida. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo haisemwi. Gitaa la umeme, ngoma za kizungu, vipaza sauti, vilikuwa ghali mno kwa mtu binafsi. Bendi nyingi kubwa zilikuwa za mashirika: NUTA, Urafiki, Polisi, JKT, Vijana. Shirika linanunua vyombo, linaajiri wapigaji kwa mshahara. Na katika kuajiri, nani alimfikiria binti kwa kazi ya besi? Aliwahi kufikiriwa, nawaambieni. Dar es Salaam miaka ya 1960 palikuwa na bendi ya wanawake watupu, Women Jazz, wanawake wakiwa wameshika magitaa na saksafoni. Ukiona picha zao unapata uchungu kwamba njia ile haikuendelezwa.

Waliofuata walipenya mmoja mmoja. Kida Waziri akaimba Vijana Jazz miaka ya 1980 na sauti yake ikajulikana nchi nzima. Asia Darwesh akakaa nyuma ya kinanda, mwanamke anapiga chombo kwenye bendi ya dansi, na watu wakaenda kumtazama kama wanavyokwenda kutazama kupatwa kwa jua. Wengi wengine nafasi waliyopewa ilikuwa ya unenguaji. Siwadharau wanenguaji hata kidogo, ile ni kazi ya jasho na nidhamu. Ninachosema ni kwamba mnenguaji ndiye aliyejaza ukumbi na ndiye aliyelipwa wa mwisho.

Halafu akaja mwanamke aliyeshika kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Asha Baraka hakuimba wala hakupiga gitaa. Aliimiliki bendi. Twanga Pepeta ilikuwa chini yake, akiajiri wanaume, akiwalipa, akigombana na wanaohama na kuwarudisha, na Luizer Mbutu akiwa mbele kwenye kipaza sauti. Msikilizaji wa kawaida hakujali ofisi ni ya nani. Mimi nilijali. Nilikuwa napenda kujua kwamba mkataba wa mpiga solo umesainiwa na mwanamke.

Na nisiiache mipasho, kwa sababu watu wa kanisani kama mimi tumezoea kuikunjia uso. Miaka ya 1990, Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na Nasma Khamis akiwa kundi la Muungano, nchi iligawanyika pande mbili kuliko Simba na Yanga. Mimi naitazama hivi: ukumbi umejaa kina mama, mwimbaji ni mwanamke, maneno ni ya jikoni na chumbani na kwa jirani, na kila mstari ukigusa, mama anainuka na noti mkononi anakwenda kutuza. Pale fedha ya mwanamke ilikuwa inanunua wimbo wa mwanamke. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona soko la namna hiyo kwa macho yangu.

Sasa nije kwetu wa kwaya. Mkono wangu utatetemeka kidogo, mnisamehe.

Mwaka 1996 kwaya yetu ilikwenda kurekodi. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, na wanaume sita wa sauti za besi na tena. Tulichanga nauli kwa kuuza karanga na ubuyu. Nyimbo zilikuwa nane. Tano nilikuwa nimezitunga mimi, usiku, mtoto amelala, kwenye daftari la hesabu la shule. Tulipofika studio tulikuta kinanda kimeshapigwa. Vyombo vyote vya nyimbo zetu vilikuwa tayari, vimewekwa na mtu ambaye hakuwahi kutusikia tukiimba. Wimbo wangu mmoja niliutunga kwa mwendo wa Kigogo, ule mwendo unaoyumba. Wao walikuwa wameunyoosha kama barabara ya lami. Nikasema jamani hapa panapaswa kuvuta. Nikaambiwa, kwa upole kabisa, mama ninyi imbeni, vyombo vina wenyewe.

Hicho si chetu. Mkono uliniuma pale pale alipopiga bibi.

Tukaimba. Miezi minne baadaye nilikuwa natoka soko la Majengo na kikapu cha nyanya, nikasikia sauti yangu inatoka kwenye spika ya kijana muuza kanda. Nilisimama nikaiweka chini mizigo. Nikainunua kanda yangu kwa fedha yangu mwenyewe, nikasoma jalada juani. Palikuwa na jina la mpiga kinanda, jina la fundi mitambo, jina la mfadhili, hata jina la dereva aliyetubeba. Kisha mstari wa mwisho, herufi ndogo: Waimbaji, kina mama. Jina la mtunzi halikuwepo popote. Kanda ile iliuzwa sana. Hatukupata hata shilingi ya kununua sare mpya.

Sitamtaja aliyefanya hivyo. Wala sikumshitaki, kwa sababu sikuwa nimesaini karatasi yoyote, na sikujua kwamba kuna karatasi ya kusaini. Ninyi mnajua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo pa kusajili kazi yenu. Andikeni wimbo, wekeni tarehe, wekeni jina lenu kamili la ukoo, sajilini kabla hamjaingia studio. Kama kuna neno moja la hotuba hii mtakalokwenda nalo nyumbani, naomba liwe hilo, na walimu wa kwaya mnaokaa na daftari za nyimbo za watu kabatini, andikeni majina ya watunzi juu ya kila ukurasa leo hii.

Hapa Dodoma tulikuwa na mwalimu wa kwaya mwingine, mzaliwa wa Dumila kule Kilosa, aliyekuwa akifundisha Kwaya ya Mtakatifu Maria ya Waanglikana. Ni Rose Muhando. Alitoka kwenye mstari wa kwaya akasimama peke yake mbele, na kwa tuliozoea kusimama wima mikono mgongoni ilikuwa mshtuko: anakimbia, anapiga magoti, anaongoza wachezaji kama mama wa ngoma kubwa. Wapo waliosema ule si uimbaji wa kanisani. Mimi niliona muheme. Baadaye kampuni ya muziki ya Sony ikaingia naye mkataba. Kutoka ukumbi wa kwaya wa Dodoma mpaka Sony! Baada yake, msichana wa kwaya akisema anataka kuimba peke yake, mchungaji hawezi tena kusema haijawahi kutokea.

Bongo Fleva mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo nitawaambia jambo moja tu ambalo pengine hamkulitazama. Miaka ya 1990 redio binafsi zilifunguliwa, Radio One ikaanza 1994, na wakati huo huo kompyuta ikaanza kufanya kazi ya bendi. Binti hakuhitaji tena shirika limnunulie vyombo wala wapigaji kumi. Alihitaji nauli, mistari na sauti. Ndipo wakaingia Lady Jaydee, Ray C, Stara Thomas, Zay B na Sister P wakichana mistari kama wanaume. Mlango ulifunguka kweli. Lakini chombo hakikupotea, kilihamia kwa prodyuza. Watengenezaji wa biti waliojulikana walikuwa P-Funk, Master Jay, Miikka Mwamba, wanaume. Yule mwenye kiti kinachozunguka ndiye aliyekuwa na zeze.

Lady Jaydee alilitambua hilo mapema kuliko wengi. Akaunda bendi yake, Machozi, akawa mwajiri wa wapigaji wake, akasimamia kazi yake mwenyewe. Ray C walimwita kiuno bila mfupa, na wanaomkumbuka kwa jina hilo wengi wamesahau kwamba alikuwa na sauti laini inayokaa juu ya biti bila kusukuma. Huo ni ubaya tuliomfanyia sisi wasikilizaji. Saida Karoli alitoka Bukoba na Kihaya chake, na hapa Dodoma tulikuwa tunamwimba kwenye daladala hatujui hata neno moja. Nawataja hasa ninyi mnaoona aibu kuimba Kigogo: nchi ilicheza Kihaya.

Leo kuna Nandy na tamasha linaloitwa kwa jina lake mwenyewe. Kuna Zuchu, aliyetambulishwa na lebo ya Wasafi mwaka 2020, mtoto wa yule yule Khadija Kopa. Sikilizeni anavyokunja sauti mwishoni mwa mstari, mtamsikia mama yake. Mwaka ule ule wa 2020, Vanessa Mdee alitangaza kuacha muziki, akiwa juu, akaeleza wazi jinsi kazi ile ilivyomuumiza nafsi. Watu wakamcheka kwamba ameshindwa. Binti yangu wa pale mwenye kitambaa cha njano anatikisa kichwa, na mimi natikisa naye. Kuweza kusema inatosha, kwa kinywa chako, bila kusubiri meneja aseme kwa niaba yako, hilo nalo ni mamlaka ambayo Siti hakuwa nayo.

Nimebakiza kisa kimoja, na kinatuhusu sisi wa huku.

Mnamjua Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam, akalibeba zeze na marimba mpaka Ulaya, akaishi Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Ukoo mzima ule ni muziki. Wanawake wa ukoo walikuwa nyuma, wakiitikia, wakicheza, wakipiga ngoma. Miaka ikapita. Halafu binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wakashika zeze na marimba wenyewe, wakajiita The Zawose Queens, na mwaka 2024 wakatoa albamu inayoitwa Maisha kwa Real World ya Uingereza. Mara ya kwanza niliposikia zeze lile na kuambiwa anayepiga ni mwanamke wa Kigogo, nilikaa chini.

Kwa sababu mimi nilikuwa nimeanza pia, kwa siri. Babu alipofariki zeze lilikwenda kwa mjomba, na watoto wa mjomba hakuna aliyelitaka. Nikiwa na miaka arobaini na miwili mjomba akaja mjini, analo kwenye kiroba cha mahindi, akaniambia wewe ulikuwa unalitazama sana. Kibuyu kilikuwa na ufa, nyuzi zimekatika. Fundi mmoja Chamwino alilitengeneza. Nilijifunza jioni, mlango umefungwa, na sauti ya mwanzo ilikuwa ile ile ya mlango mbaya.

Bibi alikuwa hai, macho yamekwisha. Nikamfuata Mvumi na zeze, nikakaa chini karibu na kitanda chake bila kusema kitu, nikapiga wimbo wa babu, ule mfupi. Akageuza kichwa. Akauliza, nani huyo anapiga? Nikasema ni mimi, bibi. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amekasirika. Kisha nikasikia vidole vyake kwenye ubao wa kitanda. Alikuwa ananipigia muheme.

Sasa mabinti, mazeze ya darasa ni manne na la tano linamaliziwa Chamwino wiki hii. Tutakutana Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Kateni kucha za mkono unaobonyeza nyuzi, na kila mmoja aje na daftari lenye jina lake. Lile la pale mezani lenye kamba nyekundu ni la babu. Anayetaka kulijaribu leo aje, hakuna wa kumpiga mkono. Na wewe uliye karibu na mlango wa nyuma, hebu ufungue, naona moshi. Wenzenu wameshawasha mabua kwa ajili ya ngoma.